Koti la machungwa la Kongowea

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Shilingi 1,400. Kijana muuza mitumba alianzia 2,500 na kuapa kwa uhai wa mamake, mimi nikamwonyesha zipu iliyong'oka meno, tukashuka pamoja ngazi moja moja hadi hapo. Zipu mpya niliipata kwa 180 Biashara Street. Uzi na kazi ni vyangu, mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko Majengo, Mombasa, mwaka wa 26 huu. Nauli ya kuvuka Daraja la Nyali siihesabu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa naenda soko la Kongowea kutafuta viazi na vitunguu, koti likanikuta njiani.

Ni koti la kuwindia, la Marekani. Rangi ni ya machungwa, ile inayouma macho, ile ya vizibao vya vijana wa bodaboda. Kitambaa cha juu ni kama blanketi jepesi lenye manyoya mafupi, ndani bitana ya nailoni, na baina yao kuna kijazo cha joto kama cha kwenye malihafu ya kitoto. Saizi XL ya kiume. Mimi si mnene, lakini mtaona mbele kwa nini ukubwa huo ulinifaa.

Nisingelinunua kama si mgongo wake. Katikati ya mabega kulikuwa na mfuko mdogo wa plastiki unaoonyesha ndani, na ndani yake kikaratasi kimebaki, namba kubwa na neno moja: Wisconsin. Nikasimama pale pale na kikapu changu. Hilo neno naweza kuliandika nimefumba macho, kwa sababu miaka tisa nimekuwa nikiliandika juu ya vifurushi vya binti yangu anayeishi jimbo hilo la Marekani, ubuyu, kashata, binzari, madera mawili matatu. Nilidhani ni namba ya mtu aliyekimbia marathoni. Kijana naye hakujua. Aliniambia, "Mama, hii ni kamera, belo limefunguliwa saa hii, ukiondoka haulikuti." Kwa wasiojua lugha ya mitumba, kamera ni ile mali ya kwanza kutoka kwenye belo, kabla wateja hawajaichakura. Na kweli ilikuwa kamera.

Binti yangu alikuwa mjamzito, wa kujifungua mwanzo wa Novemba, na mimi nilikuwa nimeshapata viza ya kwenda kumlea mzazi siku zake arobaini. Watu wote walikuwa wakinitisha na baridi ya huko. Basi hilo koti nililinunua kwa ajili ya kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Kuwinda hakukuwamo kichwani mwangu. Nimezaliwa Mombasa, mnyama wa mwitu mkubwa niliyewahi kumkaribia ni palahala wa Shimba Hills, naye nilimwona nikiwa ndani ya basi la shule la mwanangu. Na kuwinda Kenya kumepigwa marufuku tangu 1977. Kwetu mtu akisema anakwenda kuwinda ni mwizi au anatania.

Sasa nizungumze kama fundi.

Nililitandika juu ya meza nikaligeuza nje ndani, maana ukweli wa nguo uko nyuma. Mishono ya mabega imekunjwa na kupigwa mistari miwili, hakuna ukingo wa kitambaa unaochungulia. Pembe za mifuko zimefungwa kwa uzi mzito, kile kishono kifupi kinachozuia mfuko usiraruke mtu akitia mkono kwa nguvu. Vifungo ni vikubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, nikashangaa kwa nini, hadi nilipovaa glavu ndipo nilipoelewa kuwa kifungo kidogo huwezi kukishika. Mikononi, ndani ya mkono wa koti, kuna mkono mwingine mfupi wa kufuma unaobana kiwiko cha kiganja upepo usipande. Mifuko ya pembeni imewekwa kimshazari na kutiwa kitambaa laini, si ya kuwekea kitu, ni ya kupashia vidole. Na nyuma chini kuna mfuko mpana mno, umetiwa mpira ndani, unafunguka kutoka mbavuni. Nilidhani ni wa gazeti. Kumbe ni wa kubebea ndege waliopigwa, na mwenye akili huushusha akaukalia mahali penye maji.

Kasoro nilizoziona mezani: zipu, nimeshasema. Bitana ilikuwa imetatuka chini ya kwapa la kulia na mtu aliwahi kuishona kwa uzi wa kuvulia samaki, mshono wa mwanamume asiye na mke wala subira. Nikaufumua. Bega la kushoto limepauka, sijui ni jua la kwao au ni jua la Kongowea. Hilo la kupauka nalirudia baadaye kwa sababu lina maana kuliko nilivyodhani.

Kisha nikafanya makosa mawili ambayo kila mwanamke wa Pwani angeyafanya. Nililifua kwa sabuni ya unga, ile ya harufu ya maua inayojisifu kung'arisha. Na usiku wa kuamkia safari nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikalitandaza juu ya tenga pamoja na leso zangu. Sitaki kuingia nyumba ya wakwe nikinuka mtumba.

Mkwe wangu ni kijana wa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, yuko kule mwaka wa 11, anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Mtaratibu, hasemi sana. Alipolifungua sanduku kunisaidia akatoa koti, akaligeuza, akaona mgongo, akacheka peke yake mpaka akakaa chini. "Mama, umelitoa wapi hili?" Nikamwambia Kongowea. Akanieleza kuwa ile namba si ya mbio. Wawindaji wa Wisconsin walikuwa wakilazimika kubandika namba ya leseni mgongoni, sheria ikafutwa mwaka 2016. Kwa hiyo koti langu limewahi kwenda mwituni kule kule, kabla ya hapo, mgongoni mwa mtu wa kule kule, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari hadi bandari yetu, na mimi bila kujua nimelirudisha kwa ndege. Kisha akalinusa. Uso ukabadilika. "Na udi, Mama?"

Nimwache kidogo. Binti yangu ndiye aliyenitoa nyumbani. Arobaini ilikuwa imebakisha wiki moja na zaidi kidogo, alikuwa mzima, na nadhani alikuwa amechoshwa na uji wangu wa pilipili manga na kukandwa kwa maji moto. Alisema, "Mama, nenda na baba mtoto mwituni siku moja ukapunge hewa." Mkwe alinitazama kwa heshima, asijue ajibu nini. Kumchukua mama mkwe kuwinda, sidhani kuna mtu wa Kuze aliyewahi kuombwa. Nikasema nakwenda. Siku moja ikawa nne.

Ilikuwa msimu wa gobore. Ndiyo, gobore, lile neno la babu zetu. Kule, msimu mkubwa wa bunduki za kawaida ni siku tisa kuelekea mwisho wa Novemba, na ukiisha tu zinafuata siku kumi za bunduki za kushindilia baruti mdomoni, risasi moja, ukikosa umekosa. Bunduki yenyewe si kama za makumbusho ya Fort Jesus, ni ya kisasa, ina darubini. Lakini baruti inatiwa vile vile kwa mbele na kusukumwa kwa kijiti. Mkwe anaupenda msimu huo kwa sababu watu wamepungua. Na anawinda kwa sababu ya nyama ya halali. Bucha la Waislamu liko mwendo wa saa mbili na gari kutoka kwao. Mnyama mmoja anakaa kwenye friza hadi karibu na Ramadhani.

Mimi sikushika bunduki wala sikuwa na leseni. Kazi yangu ilikuwa chupa ya chai, kukaa kimya, na koti. Ila alinivisha kama yeye: nusu ya kila vazi la nje kuanzia kiunoni kwenda juu lazima iwe rangi hiyo ya machungwa au waridi kali, na kofia ukivaa iwe hivyo hivyo. Sheria hiyo ya machungwa kwa wawindaji wa Wisconsin ni ya tangu 1980. Kofia nilivaa juu ya mtandio. Binti yangu alipiga picha, naomba asiisambaze.

Na hapo ndipo bega lililopauka likaleta neno. Vitabu vyao vya sheria vinaonya kabisa kwamba machungwa yaliyofifia ni hatari na huenda yasihesabike. Rangi hiyo inawaka kwa sababu ya dawa, na dawa inaliwa na jua na kufuliwa. Mkwe akanivisha kizibao kipya juu ya koti langu. Kwa hiyo ukinunua koti kama hili Kongowea kwa ajili ya boda, litafaa. Ukilinunua kwa kazi yake ya asili, liangalie kwenye mwangaza wa jua kando ya kitu kipya. Likionekana kama embe lililoiva kupita kiasi, liache.

Sasa udi. Siku ya kwanza tuliondoka baada ya Alfajiri, giza totoro, nyuzi 12 chini ya sifuri. Koti lilikuwa limeanikwa nje kwenye kibaraza usiku mbili na mkwe alidhani limetulia. Tukaingia msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, hakuna lango, hakuna askari, hakuna tikiti. Nilimuuliza mara mbili, hii ni ya nani? Akasema ni ya umma. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nikisikia ardhi ya umma natafuta mabati, najua kuna mkubwa ashaizungushia. Huo msitu ni zaidi ya ekari milioni moja na nusu, na mtu yeyote mwenye leseni anaingia kuwinda, mlinzi wa benki, mfanyakazi wa kiwanda, daktari. Tulipishana na mzee mmoja mwenye machungwa kama yetu, tukainuliana mikono, yeye akageuka akaenda upande mwingine ili asituharibie. Hakuna aliyemwambia mwenzake "hapa pangu". Adabu hiyo niliipenda kuliko miti.

Tulikaa chini ya msonobari ulioanguka. Mkwe alirusha vumbi fulani jeupe hewani kutazama upepo, akanikalisha nyuma yake. Saa ya pili hivi, kitu kikasimama kati ya vijiti. Mimi sikukiona hadi kilipotikisa sikio. Mnyama yule kwa Kiswahili sina jina lake hasa. Wengine watasema kulungu, lakini kulungu wetu ana pembe za kudumu, na huyu dume lake huangusha pembe kila mwaka wakati wa baridi na kuota nyingine. Mkwe na wenzake wa Pwani walioko huko humwita paa, nami namwita paa. Ni mkubwa lakini, dume lililoshiba ni uzito wa mtu mzima na zaidi. Upepo ukageuka kidogo tu, ukapita mgongoni mwangu kwenda kwake. Akainua kichwa. Akapuliza pua kama mtu mwenye hasira, akakanyaga chini, akainua mkia, na chini ya mkia ni weupe mtupu kama leso ya kuagia. Akaenda. Mkwe hakugeuka. Baada ya muda mrefu akanong'ona, "Udi wa Mama ni mzuri sana."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Njiani kurudi alinifundisha. Yule mnyama machungwa hayaoni kama sisi. Macho yake hayana kile cha kutambua nyekundu, kwake koti langu ni rangi ya majani makavu. Ndiyo maana rangi inayopiga kelele kwa binadamu haimshtui. Lakini buluu anaiona vizuri kutushinda, na zile sabuni za kung'arisha huacha dawa inayorudisha mwangaza wa kibuluu. Basi mimi nilikuwa nimekaa pale mwituni ninang'aa kama taa ya harusi, na kunuka kama biharusi. Sabuni ya maua na udi, kwa mnyama ambaye pua ndiyo uhai wake. Tulilifua upya usiku huo kwa sabuni isiyo na harufu wala king'arisho, likaanikwa nje likaganda, nikalishika likawa gumu kama papa mkavu. Asubuhi nililikung'uta tu barafu ikaruka. Sikuwahi kujua nguo inaweza kukauka kwa kuganda.

Upande wa baridi koti lilifanya kazi nusu, na nusu nyingine ni yale ya ndani. Hapa ndipo XL iliponiokoa. Ndani nilivaa fulana ndefu ya sufu ya mkwe, juu yake sweta ya sufu, kisha koti, na bado mikono ilikuwa inainuka. Pamba usivae. Nilikwenda siku ya kwanza na fulana ya pamba, nilitembea nikatoka jasho, kisha nikakaa, na lile jasho likageuka barafu mgongoni. Sufu hata ikilowa inashika joto. Mimi nimeshona pamba maisha yangu yote na naipenda, lakini pale ilinisaliti. Jambo jingine ni mlio. Makoti mengi mazuri ya baridi pale Kongowea ni ya nailoni inayong'aa, ukikunja mkono inasema kwash-kwash. Mwituni ambako theluji imenyamazisha kila kitu, mlio huo unafika mbali. Hili langu la manyoya mafupi halisemi kitu. Kijana wa kibanda alikuwa ananisukumia jingine jeusi la kung'aa kwa bei hiyo hiyo, nashukuru ukaidi wangu.

Maji lilistahimili kiasi. Kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri theluji ni kavu kama unga wa ngano, unaipangusa tu. Siku ya pili joto lilipanda karibu na sifuri, theluji ikawa nzito, ikayeyuka mabegani, na kufika saa nne nililisikia limekunywa. Si koti la mvua. Asiwadanganye mtu.

Viatu ndivyo vilivyonitia hasara, na hivyo havikutoka Kongowea. Nilivinunua vipya kwenye duka la mjini ambalo sitalitaja, shilingi 3,800, vimeandikwa vya baridi kali, na muuzaji akanihakikishia. Soli ilipasuka siku ya kwanza, kutoka kidole gumba hadi upande wa pili, kwa baridi tu. Siku tatu zilizobaki nilivaa mabuti ya binti yangu na soksi jozi mbili. Mtumba wa 1,400 umesimama, kipya cha 3,800 kimevunjika kama biskuti.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku. Upepo ulitulia, baridi ilirudi, na koti langu halikuwa na harufu ya mtu. Nilikaa juu ya ule mfuko wa mpira nimeushusha chini ya makalio, sikulowa hata kidogo. Walikuja majike watatu wakifuatana, wakinusa, wakisimama, wakitembea tena. Mkwe alikuwa na kibali cha jike. Wakati wote huo nilikuwa na swali langu moja, na nilikuwa nimemuuliza ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu kwa simu usiku uliopita, maana mambo ya kinywa sitanii nayo. Aliniambia masheikh wengi wa leo wanaichukua risasi inayopenya kama mshale, mpigaji ataje jina la Mungu anapopiga, na akimkuta mnyama yu hai bado amchinje. Mkwe alijua ninasikiliza. Alisema "Bismillah, Allahu Akbar" kwa sauti ya kusikika, kisha gobore likalia, na mbele yetu pakawa moshi mweupe mzito, hatukuona lolote.

Nilitaka kuinuka. Akanizuia kwa mkono. Ukimkimbilia mnyama aliyejeruhiwa anapata nguvu ya kwenda mbali, ukimwacha analala karibu. Tukakaa nusu saa, ambayo kwangu ilikuwa siku nzima, nikisoma nilichokijua. Kisha tukafuata damu juu ya theluji, nyekundu juu ya nyeupe, hata mtoto angeifuata. Hatua kama themanini. Alikuwa ameshakufa. Macho wazi. Nilisikitika, nasema kweli, nikamgusa shingoni, na manyoya yake ya baridi ni mazito na makavu, chini yake joto lilikuwa bado. Mkwe alinitazama kama anayesubiri kulaumiwa. Nikamwambia, "Haya, mwanangu, kisu."

Kumpasua na kumtoa matumbo ilichukua dakika kumi na tano. Mimi nimechinja kuku na nimesimama kwenye mbuzi wa akika, sikuona kigeni isipokuwa mvuke uliokuwa ukipanda. Matumbo yaliachwa pale, na kabla hatujafunga kamba kunguru wakubwa walikuwa juu ya miti. Kumvuta hadi barabarani ndiko kulikonitoa jasho lote, kwa kamba na kitoroli cha plastiki cha watoto cha kuteleza. Koti nililifunga kiunoni. Kumbukeni sufu.

Kuna jambo sitaki kuliruka kwa sababu watu wenye ndugu huko watalihitaji. Paa wa Wisconsin wana ugonjwa wa ubongo unaowakondesha hadi kufa, uligunduliwa jimboni humo mwaka 2002. Idara ya maliasili inapima kichwa bure, unakiacha kwenye masanduku maalumu waliyoyaweka, unajaza karatasi, unasubiri jibu. Haijathibitika kuwa unamwingia mtu, lakini ushauri ni kutokula nyama ya aliyekutwa nao. Mnyama mwenyewe anatakiwa kusajiliwa kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata, mkwe alifanya hivyo kwa simu akiwa kwenye gari. Jibu la kichwa lilichukua siku kadhaa, nyama ikikaa kwenye friza imeandikwa "BADO" kwa mkono wangu. Likaja safi.

Nyama ni nyekundu, haina mafuta ndani, na yale mafuta ya nje yatoe yote, yanagandia kwenye kaakaa la mdomo kama mshumaa. Mishkaki yake ilikauka, ilikuwa kosa langu, niliichoma kama ya ng'ombe. Pilau ilitoka vizuri. Niliiacha kwenye ukwaju na tangawizi usiku kucha, nikatia binzari nyembamba niliyokwenda nayo, na siku ya arobaini wakaja Waswahili sita kutoka miji ya mbali, wa Lamu, wa Tanga, na mmoja wa Mombasa anayesema Kiswahili kwa pua sasa. Hakuna aliyebakisha. Mzee wa Tanga aliuliza ni nyama ya nini kwa mara ya pili, nikamwambia ale kwanza.

Siku ya nne tulirudi tu kwa ajili ya kukaa, hatukuona kitu, na ndiyo niliyoipenda zaidi. Zipu yangu ya Biashara Street ilifunguka na kufungwa bila kukwama mara moja, nasema hivyo kwa majivuno.

Damu iliyoingia kwenye mkono wa kulia niliitoa kwa maji baridi na chumvi, kamwe maji moto. Koti nilirudi nalo. Kile kikaratasi cha namba nilimwachia mkwe, amekibandika gereji juu ya meza yake ya vyombo. Mgongoni mfuko wa plastiki umebaki mtupu, na mjukuu wangu wa Majengo ametia picha ya mchezaji mpira.

Je, ningenunua tena? Kwa 1,400, ndiyo, na kwa 2,000 pia. Kwa mtu wa Mombasa asiyekwenda popote ni koti la kuvaa mwezi wa Julai saa kumi na moja alfajiri kwenye pikipiki, basi. Kwa anayekwenda kumlea mzazi kule kaskazini, achukue saizi mbili juu ya yake, akague kwapa na zipu, alipime rangi kwenye jua, na udi aufukizie leso tu.

Wiki iliyopita nilipita kibandani kwa yule kijana kununua vitambaa vya pazia. Akaniuliza koti lilinifaa? Nikamsimulia yote, pamoja na gobore. Alicheka akaita jirani zake, nikasimulia tena. Nilipokuwa naondoka alikuwa ametundika jingine la machungwa mbele kabisa, na nikamsikia akimwambia mteja, "Haya ndiyo yanayowinda Marekani, mama yule shahidi," bei 3,500.